Mahojiano ya Kazi si Mtihani wa Kukariri

Kabla sijatoa langu, nawaomba radhi walimu wetu, maana jambo hili linagusa namna tunavyosoma humu shuleni. Sisi ni mabingwa wa kukariri. Tunakariri ngeli, tunakariri tamathali za usemi, tunakariri hata insha nzima na kumwomba Mungu swali lake lije. Basi tukimaliza kidato cha nne tunadhani kazi nayo hupatikana vivyo hivyo. Mtu akiitwa kwa mahojiano, mbio kwa mwenzake aliyetangulia: "Waliuliza nini? Ulijibu vipi?" Kisha anayameza majibu yale kama vidonge vya malaria. Mimi nasema hiyo ndiyo njia ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sababu ni hii. Wanaohoji hawasahihishi karatasi. Wanataka kujua kama wataweza kufanya kazi na wewe kila siku. Swali la kwanza unaweza kulijibu kwa maneno ya mwenzako, lakini la pili huzaliwa na jibu lako mwenyewe. Umesema unajua kompyuta? Haya, keti pale upige chapa barua hii. Umesema unapenda kazi ya hoteli? Tuambie, mgeni akilalamika kwamba chakula kimepoa, utafanyaje? Hapo ndipo jasho humtoka mtu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na majibu ya kuazima ni hivyo hivyo.

Mifano tunayo, tena ya watu wakubwa. Mwaka wa 2011 Tume ya Huduma za Mahakama iliwahoji hadharani waliotaka kiti cha Jaji Mkuu, nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Dkt. Willy Mutunga aliulizwa juu ya kipuli alichovaa sikioni. Angeweza kusema atakivua ili awapendeze. Wapi! Alishikilia kwamba hangekivua hata kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka wa 2016 ikawa zamu ya David Maraga, ambaye ni Msabato. Aliulizwa kama angeketi mahakamani siku ya Jumamosi. Alisema wazi kwamba lingekuwa jambo gumu kwake, na kwamba angezungumza na wenzake wamfikirie. Wote wawili waliipata kazi.

Sasa asije mtu kesho akaenda kuomba ukarani na vipuli vitatu, ati amemwiga Mutunga! Wazee hao walikuwa na elimu na sifa za miaka mingi, na hizo ndizo zilizowafikisha pale. Ninalosema ni kwamba ukweli haukuwanyima kitu. Na sisi tusio na sifa nyingi ndio tunaouhitaji ukweli zaidi, kwa sababu ndio mali pekee tuliyo nayo.

Kusema kweli hakumaanishi kwenda ovyo. Jitayarishe. Uliza mapema ofisi iko wapi, na kama waweza, pita hapo siku moja kabla, maana matatu haikungoji wala msongamano haujui kwamba umeitwa saa tatu. Vyeti vyako na kitambulisho viwe ndani ya bahasha safi, pamoja na nakala zake. Nguo si lazima ziwe mpya. Ziwe safi, zimepigwa pasi, na zikutoshe. Msalimu mlinzi wa langoni na mhazili kama utakavyomsalimu mkubwa wao. Zima simu. Ngoja uambiwe keti. Sikiliza swali hadi mwisho kabla ya kufungua kinywa, na usipolielewa, omba lirudiwe. Usilolijua, sema hulijui lakini uko tayari kujifunza. Na hicho Kiingereza cha puani kiache nyumbani. Sema lugha waliyokuuliza, polepole, kwa maneno unayoyamudu. Wakikuuliza kwa Kiswahili, usione haya: Katiba ya 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Najua kuna watakaonicheka. "Wacha hadithi, bwana. Kazi siku hizi ni kujuana na kitu kidogo." Siwezi kukana kwamba mambo hayo yapo. Lakini fikirini pamoja nami. Mzazi anauza ng'ombe, pesa anampa mtu aliyeahidi "kusukuma faili", na mtu mwenyewe harudi kuonekana. Mzazi huyo atashtaki wapi? Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Amepoteza ng'ombe, na mdomo hawezi kuufungua. Kwa hivyo ukiambiwa utoe "ada" kidogo ndipo uhojiwe, geuka urudi nyumbani. Anayeuza nafasi ya kazi mara nyingi hana hata kazi yenyewe.

Nina ombi moja. Katika karatasi ya Insha tunafundishwa kuandika mahojiano, na alama tunapata. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuketi mbele ya meza, watu watatu wanatutazama, tukajieleza kwa dakika kumi bila kusoma mahali? Naomba chama chetu kitenge jioni moja kila muhula. Walimu wawe wahojaji, sisi tuwe waombaji, na maswali yasitolewe mapema. Tutababaika, tutachekana, lakini heri kuchekwa hapa kuliko kunyamaza huko. Wenzetu wa kidato cha nne wamebakiwa na muda mfupi tu. Tusiwaache waende na cheti mkononi, na ulimi umefungwa.