Faiba na baiskeli za Ifakara

Leo nina langu la moyoni, na najua wenzangu wa fizikia mtanirukia.

Nilipokuwa Ifakara kwenye mazoezi ya kufundisha, nilimaliza mada ya mwanga kama tulivyofundishwa sote: mwanga ukiingia kwenye uzi wa kioo unadunda ndani kwa ndani mpaka mwisho, ndiyo faiba hiyo, andikeni notisi. Dogo mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, ukienda mbali sana hauharibiki?" Nikamjibu hauharibiki. Jamani, nilimdanganya mtoto wa watu!

Unaharibika, tena kwa njia mbili. Kwanza unafifia: hata kwenye faiba nzuri, nusu ya nguvu inaisha kila kilometa 15 hivi, na ukifika kilometa 100 imebaki kama asilimia 1. Hilo lina dawa, njiani vinafungwa vifaa vya kuongeza nguvu. Balaa ni la pili, kutawanyika. Ishara inakwenda kwa vipande vya mwanga, na kila kipande kina rangi zinazokaribiana sana ila hazikimbii sawa.

Sasa fikiria waendesha baiskeli wametoka Mang'ula na magunia ya mpunga. Wameondoka kundi moja, lakini wakifika Kibaoni wametapakaa barabara nzima, na wenye mbio wa kundi la nyuma wameshajichanganya na wachovu wa kundi la mbele. Nani wa kundi gani? Hujui. Kuongeza nguvu hapo hakusaidii, unakuza mvurugano uleule na kelele juu yake.

Kinachosaidia ni kupitisha mwanga kwenye kipande cha faiba chenye tabia ya kinyume, kana kwamba waliotangulia wamekutana na tope na wa nyuma wamepata njia kavu, wakafika pamoja. Siku hizi kazi kubwa inafanywa kule ishara inakopokelewa: chipu inapiga hesabu na kurudisha kila kitu mahali pake. Bila ujanja huu, mkongo kama EASSy, ulioanza kazi 2010 na una kilometa 10,000 hivi kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, ungetuletea uji mtupu. (Ile adha ya 12 Mei 2024 ni kitu kingine, siku ile mikongo ilikatika kabisa baharini.)

Mtasema silabasi haiendi huko, mtihani hauulizi, maabara hakuna. Sawa, lakini baiskeli si zipo? Dakika kumi tu! Mi nasema tunajificha nyuma ya silabasi kwa sababu wenyewe hatujui, na mtoto akigusa pale tusipojua tunamfunga mdomo kwa jibu la uongo.

Yule dogo hakuuliza tena mpaka naondoka. Juzi nimempigia mwalimu wa darasa lake, nimemwomba amwambie kuwa nilikosea.