Nguruwe wa Iowa watarudi shambani?

SHERIA ya California iliyopitishwa na wapiga kura mwaka 2018, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuibatilisha Mei 2023, inakataza kuuza jimboni humo nyama ya nguruwe ambaye mama yake alifungiwa katika eneo lisilofikia futi za mraba 24. Wapo watakaodhani kwamba nguruwe wa Iowa, jimbo linaloongoza nchini humo kwa ufugaji huo, sasa watarudi shambani. Si rahisi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa huko walikuwa wakizungushia uzio kipande cha mahindi yaliyokomaa, kisha wakaingiza nguruwe wayaangushe na kujilisha wenyewe. Kibarua wa kuvuna hakuhitajika, na samadi ilibaki palepale. Wengine walichanganya soya humo, kwani mahindi matupu hunenepesha bila kujenga mwili. Mvua ikizidi, mavuno yalikanyagwa matopeni.

Mashine za kuvunia zilichangia kuuondoa utaratibu huo, yakafuata mabanda makubwa ambamo chakula huletwa na kinyesi huondolewa kwa gharama. Sheria ya California haigusi hesabu hiyo. Inampimia nafasi nguruwe mzazi tu. Anayenoneshwa haimpimii, na ndiye hasa aliyekuwa akiingizwa shambani.