Mazoea Si Uzoefu, Hasa Ukingoni mwa Genge

Majuma mawili yaliyopita wanafunzi wanne walibisha mlango wa ofisi yangu, mmoja wao amejitwika kamba begani mithili ya mvuvi atokaye baharini. Mimi ni mlezi wa chama chao cha kupanda milima, na walitaka nitie sahihi barua ya kuomba ruhusa. Safari hii hawakunuia kupanda bali kubembea. Wataifunga kamba juu ya genge moja katika Bonde la Ufa, kisha mtu ajirushe kutoka ukingoni, alipite korongo na kurudi, akienda na kuja kama pendulamu ya saa ya ukutani.

Niliwauliza ni nani kati yao aliyewahi kuiunda bembea ya namna hiyo. Kiongozi wao alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, uzoefu tunao. Tumeshuka magenge kwa kamba mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuumia."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Kazi yangu ni maneno, na msomaji atanivumilia nikianzia huko. Kitenzi "zoea" kimezaa uzoefu na mazoea, na kwa njia ya "zoeza" kikatuletea mazoezi. Hawa ni ndugu wa tumbo moja wenye tabia mbalimbali. Mazoea ni yale ambayo mtu huyatenda bila kuyafikiria tena. Uzoefu, tukiutumia kwa haki yake, ni maarifa yatokanayo na kutenda, na ndani yake mna kuujua mpaka ambapo maarifa hayo yanakoma. Mwanafunzi wangu alitamka uzoefu, nami nikasikia mazoea. Kutoumia kwao kulithibitisha jambo moja tu, kwamba hawakuwa wameumia.

Nasema hivi nikiwa na deni la zamani. Nilipokuwa mvulana, tulifunga kamba ya katani kwenye tawi la mkuyu ulioinamia mto karibu na kwetu. Tulibembea likizo nzima. Kila asubuhi hoja yetu ilikuwa moja: jana ilishika. Hakuna aliyepanda kulitazama fundo, wala aliyekumbuka kwamba katani inayolowa na kukauka kila siku huoza kutoka ndani. Ilipokatika, zamu haikuwa yangu. Rafiki yangu aliangukia mawe, na hadi leo huchechemea. Tukikutana haniulizi lolote, na huko kutoniuliza ndiko kunakoniuma.

Huenda mtu akasema kwamba hao walikuwa watoto na kamba yao ya shambani. Na tumtazame basi Dan Osman, Mmarekani aliyepanda majabali kwa ustadi wa kustaajabisha na aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha mchezo wa kujirusha kutoka magengeni kwa kamba za wapanda milima. Tarehe 23 Novemba 1998 alijirusha kutoka jabali liitwalo Leaning Tower, katika hifadhi ya Yosemite huko California, mruko wa zaidi ya mita 300. Kamba ilikatika, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 35. Kamba zake zilikuwa zimekaa nje kwa zaidi ya mwezi mzima, zikinyeshewa na mvua na theluji. Hata hivyo alikuwa ameziruka siku hiyo na siku ya kutangulia, zikamshika. Uchunguzi uliofuata haukuishia kwenye hali ya hewa. Ulionelea kwamba huenda kilichomuua ni kubadilisha pembe ya kurukia. Kwa badiliko hilo kamba zilipishana na kusuguana, na nailoni ikisuguana na nailoni kwa kasi huyeyuka.

Hapo ndipo nilipoliweka gazeti hili chini na kutembea kidogo kabla ya kuendelea kuandika. Hapakuwa na mtu mwenye uzoefu kumshinda. Lakini uzoefu wake ulihusu mruko wa upande ule. Wa upande huu ulikuwa mruko mpya, uliovaa nguo za ule wa zamani.

Na sasa fizikia, ambayo mwalimu yeyote wa kidato cha nne anaweza kuithibitisha ubaoni. Mtu akianza kubembea kamba ikiwa imenyooka na kulala usawa wa ardhi, basi anapopita sehemu ya chini kabisa kamba hubeba uzito wake mara tatu. Iwe kamba ya mita 5 au ya mita 50, hesabu ni ile ile. Kijana wa kilo 70 huivuta kama mzigo wa kilo 210. Kamba ikiwa imelegea anaporuka, mshtuko huwa mkubwa zaidi. Na fundo lenyewe hupunguza nguvu ya kamba, sembuse ukingo mkali wa mwamba. Kwa kamba ya mita 20, kasi yake pale chini hupita kilomita 70 kwa saa, mwendo wa matatu kwenye barabara kuu, ila huyu hana breki.

Tena kamba za kupandia hutengenezwa zinyumbuke. Nyingine hurefuka hadi sehemu moja ya kumi kwa mzigo wa kilo 80 uliotulia tu. Anayepima urefu kamba ikiwa imelala sakafuni amepima kamba nyingine kabisa. Mwaka wa 2013, katika upinde wa mwamba uitwao Corona Arch jimboni Utah, ambao bembea yake ilikuwa imepata umaarufu kwa filamu iliyotazamwa na mamilioni mwaka uliotangulia, kijana wa miaka 22 alijirusha akagonga ardhi. Kamba haikukatika. Ilikuwa ndefu mno.

Wanafunzi wangu niliwaita tena nikawauliza maswali ya kawaida. Nanga ni ngapi, na moja iking'oka, nyingine itaubeba mzigo peke yake? Kamba itawekewa nini pale inapogusa mwamba? Nani atakagua mafundo ya aliyeyafunga? Akishabembea na kusimama katikati ya hewa, mtashushaje mtu aliyening'inia kwenye mikanda, kabla damu haijamtuama miguuni akazirai? Swali hilo la mwisho lilileta kimya kirefu. Hakuna aliyekuwa amewaza habari ya kurudi.

Sikuwakataza. Nikiwakataza watakwenda bila mimi, na bila barua. Nimeitia barua yao kwenye mtoto wa meza, bila sahihi. Jumamosi ijayo tutakwenda gengeni, pamoja na mpanda majabali mmoja aliyekubali kuja kutukosoa, tukiwa na utepe wa kupimia na gunia la mchanga la kilo 100. Litarushwa kutoka pale pale watakaporukia wao, kwa pembe ile ile. Hakuna mtu atakayeruka.

"Na gunia likirudi salama, Mwalimu?" aliuliza kiongozi wao.

Nilimwambia tutalirusha tena, kisha tutaipapasa kamba kwa vidole, shubiri kwa shubiri, kutoka nanga hadi gunia. Aliliandika hilo daftarini, akalipigia mstari.