Aweke Kalamu Chini Kwanza

Msimu wa palizi na wa mavuno unapofika Gendabi, chini ya Mlima Hanang, akina mama na wasichana wengi hutoka alfajiri kutafuta kibarua mashambani. Anayeandika majina ndiye anayeamua nani apewe ngwe siku hiyo na nani arudi nyumbani mikono mitupu. Mtu huyo akimwambia msichana mmojawapo kwamba anampenda, je, msichana huyo ana uhuru gani wa kusema hapana?

Swali hilo si la mashambani peke yake. Limo pia katika ofisi za Katesh, viwandani, na kila mahali ambapo mtu mmoja ameshika kalamu iandikayo riziki ya mwenzake.

Wapo watakaosema kwamba hao ni watu wazima, na kwamba ndoa nyingi njema zilianzia kazini. Ni kweli. Lakini tusichanganye mambo mawili. Wafanyakazi walio sawa wakipendana, kila mmoja aweza kukataa na kesho akaendelea na kazi yake. Anayemkataa mkubwa wake huhofia chakula cha watoto wake. Hata akikubali, nani atajua kama amekubali kwa moyo au kwa hofu? Mkubwa mwenyewe hawezi kujua.

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye madaraka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo au upendeleo. Sheria hiyo ilipotungwa mwaka 2007, adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo ni njema, lakini humkamata anayedai. Haimfikii yule asiyedai neno, bali hutabasamu tu, hali wote wawili wanajua nani ameshika kalamu. Pengo hilo huzibwa na maadili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Mkubwa wa kazi amekabidhiwa kazi aisimamie, hakukabidhiwa watu.

Tena, siku msichana huyo atakapopewa zamu nzuri, hata kama ameistahili kwa jasho lake, wenzake watanong'ona. Mapenzi hayo yatamnyang'anya hata sifa ya kazi yake.

Kwa hiyo mkubwa wa kazi, awe mwanamume au mwanamke, asifanye mapenzi na mfanyakazi aliye chini ya mamlaka yake. Kama moyo wake umependa kweli, na aweke kalamu chini kwanza: usimamizi wa mfanyakazi huyo ukabidhiwe mtu mwingine, bila kumhamisha kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Ndipo apeleke posa kwa wazee. Akiona gharama hiyo ni kubwa mno, basi ajue kwamba alikuwa akitegemea cheo, si mapenzi.