Mzee Senapathy na Mwanawe

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za picha moja ya sinema. Twafanya hivyo kwa sababu vijana wengi hupenda kutazama picha za kisasi, na wazazi wao hawana la kuwaambia ila "Acha!" Neno hilo ni fupi mno, wala halimjibu kijana swali lake.

Picha yenyewe ni ya Kitamil, lugha ya watu wa kusini mwa India, na jina lake ni Indian, yaani Mhindi. Ilitolewa mwezi wa Mei mwaka 1996. Aliyeiongoza ni Bwana Shankar, na mchezaji mkuu ni Kamal Haasan, ambaye ndani yake ni watu wawili, baba na mwana. Alikuwa na umri wa miaka 41 tu, walakini walimpamba uso hata akawa mzee wa miaka zaidi ya 70, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya taifa ya mchezaji bora. Picha huchukua muda wa saa tatu, nayo ina nyimbo nyingi. Kuna wimbo mmoja ambao kijana na mchumba wake waliuchezea Australia, na nauli aliipata wapi hatuambiwi. Tuyaache hayo.

Habari ni hii. Katika mji wa Madras, ambao mwaka ule ule wa 1996 ulibadilishwa jina ukaitwa Chennai, maofisa wala rushwa wanauawa mmoja baada ya mmoja. Mpelelezi Krishnaswamy akafuata nyayo, akamkuta mzee mpole aitwaye Senapathy. Ujanani mwake mzee huyu alikuwa askari wa jeshi la Subhas Chandra Bose, lile lililopigana na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ili India iwe huru. Silaha zake ni kisu alichokificha katika mshipi, na vidole vyake, kwa maana alijifunza ujuzi wa kale wa Watamil wa kuipiga mishipa ya mwili hata mtu akalegea asiweze kusimama.

Mbona mtu wa namna hii akawa mwuaji? Hapo ndipo picha inapougusa moyo. Alikuwa na binti, jina lake Kasthuri. Binti akaungua moto, akapelekwa hospitali, na mganga asitake kumtibu mpaka apewe fedha ya siri. Baba akakataa. Aliona kwamba hakupigania uhuru wa nchi ili aje kuununua uhai wa mwanawe kwa rushwa. Binti akafa. Ndugu yake Kasthuri, kijana Chandru, akaona kwamba aliyemwua dada yake ni ugumu wa baba, maana fedha kidogo ingalimwokoa. Basi akatoka katika nyumba ya baba yake akaenda zake mjini.

Twawaomba msipite hapo haraka. Sisi Waswahili tuna methali isemayo, "Penye udhia, penyeza rupia," na rupia yenyewe ilitufikia kutoka India, ikatumika katika nchi zetu zamani. Aliyeitunga methali ile si lazima awe mtu mwovu. Huenda alikuwa na mtoto mgonjwa mlangoni pa mtu mwenye dawa. Twadhani kila mzazi anayeisoma habari hii amekwisha kujiuliza angalifanya nini, na hatuna haki ya kumjibia.

Basi mzee akaanza kuua. Yule mganga alimwua mbele ya mitambo ya televisheni, nchi nzima ikitazama. Watu wakafurahi mno. Na katika maofisi hofu ikaingia, hata makarani wakaogopa kupokea fedha waliyozoea kuipokea. Ni kweli, hofu hufanya kazi. Tusiwadanganye vijana wetu kwa kusema haifanyi.

Lakini tazameni jambo moja ambalo mwongozaji amelifanya kimya kimya. Kabla mtu hajauawa, sisi watazamaji tumekwisha kuonyeshwa kosa lake, tumeona mkono wake ukipokea fedha, tumesikia maneno yake ya jeuri. Kisu kinapomfikia hatuna shaka hata kidogo. Sinema imekuwa shahidi asiyesema uongo. Je, nje ya sinema shahidi huyo yuko wapi? Mwezi wa Mei mwaka 2018, katika wilaya ya Tiruvannamalai, nchi ile ile ya Watamil, bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 60 aliwapa watoto pipi njiani. Siku zile uvumi ulikuwa umeenea kwa simu za mkononi kwamba wezi wa watoto wamekuja. Watu wa kijiji wakamzunguka wakampiga hata akafa. Nao pia walijiona wanatenda haki, na kila mmoja alikuwa na hakika kama ile tuliyo nayo sisi tukitazama kisu cha Senapathy.

Hata hivyo picha hii ina uaminifu ambao nyingine nyingi za jamii yake hazina, nao ni habari ya Chandru. Baba alimwita Chandrabose kwa heshima ya yule jemadari wake wa vitani. Kijana akaishi mjini kwa kuwapenyezea watu rushwa katika ofisi ya magari, kisha yeye mwenyewe akawa mkaguzi wa breki. Siku moja akapokea fedha, akaandika kwamba basi moja ni zima, hali breki zake ni mbovu. Basi lile likapata ajali, na watoto wa shule waliokuwamo wakafa. Hakuwachukia watoto wale, wala hakuwajua. Aliandika karatasi tu.

Mzee alipojua, hakutafuta njia ya kumwepusha mwanawe. Waliompenda kijana wakamsihi, asisikie. Akamfuata mpaka kiwanja cha ndege akamwua kwa mkono wake. Tangu hapo makofi ya watazamaji huwa mazito. Twaona mwongozaji alilijua hilo. Kisu kilichopewa shangwe kilipokwenda kwa mganga ndicho kile kile, na hakikubadilika kwa kuwa safari hii kinaingia nyumbani. Lakini yeye Senapathy hakuhukumiwa na mtu. Akatoroka, akampigia simu Krishnaswamy kutoka nchi ya ng'ambo, akamwambia kwamba atarudi akihitajiwa. Na kweli, mwaka 2024 picha ya pili ilitoka, mwongozaji yule yule na mchezaji yule yule, lakini watu wengi hawakuipenda.

Ninyi waalimu, mkizungumza na vijana habari za picha hii, waambieni na jambo lililokuwa likitendeka India siku zile zile. Mwezi wa Aprili mwaka 1996, katika mji wa Beawar, jimbo la Rajasthan, mbali sana na Madras, vibarua na wakulima waliketi njiani muda wa siku 40 hivi. Walikuwa wamefanya kazi za serikali na mshahara wao ukaliwa. Katika vitabu vya malipo yalikuwamo majina ya watu waliokwisha kufa. Hawakutaka damu ya karani. Walitaka vitabu vile vifunguliwe visomwe mbele ya watu wote. Picha ya Senapathy ilipoanza kuonyeshwa, wao walikuwa bado wameketi juani, na hapakuwa na nyimbo za kupendeza.

Mwaka 1997 nchi ya Watamil, Tamil Nadu, ilitunga sheria ya kuwapa watu haki ya kuuliza habari za serikali, na mwaka 2005 Bunge la India likatunga sheria kwa nchi yote. Mtu hulipa rupia 10, huandika swali lake, na ofisa hupewa siku 30 za kujibu. Wako waliouliza wakauawa kwa sababu ya kuuliza. Wengine wangali wakiuliza, kila mtu na rupia zake 10.