Chungu Kimoja, Vinywa Vingi

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulionesha kwamba asilimia 8 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa chakula, mstari unaokokotolewa kwa kipimo cha kilokalori 2,200 kwa siku kwa mtu mzima. Mwaka 2022, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria ulipima damu na vimo vya watu wenyewe. Ulikuta asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Tafiti hizi mbili hazipimi kitu kimoja. Malaria, minyoo, maji machafu na uzito mdogo wa kuzaliwa vina mchango wake katika upungufu wa damu na udumavu, hata pale chakula kinapotosha. Pengo kubwa namna hii, hata hivyo, linatudai jibu la swali moja: tukishajua kilichoingia jikoni, je, tunajua kilichoingia mdomoni mwa kila mmoja? Jibu langu ni kwamba hatujui, na sera ya lishe inayojengwa juu ya dhana kwamba tunajua itaendelea kuwapita wanaohitaji msaada.

Tuanze na namna hesabu inavyofanyika. Katika tafiti nyingi za kaya, mdadisi huketi na mtu mmoja anayefahamu mambo ya jikoni, mara nyingi mama mwenye nyumba, akamuuliza kaya ilitumia nini katika siku saba zilizopita: unga wa mahindi kilo ngapi, mchele, maharage, dagaa, mafuta, sukari, kipi kilinunuliwa, kipi kilitoka shambani, kipi kilikuwa zawadi. Kiasi hicho hugeuzwa kuwa nishati, kisha hugawanywa. Tuseme kaya ina baba, mama, mtoto wa miaka kumi na mtoto wa miaka miwili, na chakula chao cha siku ni kilokalori 8,000. Ukigawa kwa vichwa, kila mmoja anapata 2,000, na mtoto wa miaka miwili anahesabiwa kula karibu mara mbili ya mahitaji yake. Kwa hiyo wataalamu hutumia uzani: baba huhesabiwa kuwa mtu mmoja kamili, na wengine hupewa sehemu ya baba kwa kadiri ya nishati wanayohitaji kwa umri na jinsia. Tukimpa mama 0.8, mtoto mkubwa 0.7 na mdogo 0.35, baba anapata takribani 2,800, mama 2,250, mtoto mkubwa 1,960 na mdogo 980.

Hesabu ya pili ni bora kuliko ya kwanza, lakini itazame vizuri. Kwa kanuni hiyo, haiwezekani baba ashibe na mtoto akose ndani ya nyumba moja: kaya ikitosheka, wote wametosheka, ikipungukiwa, wote wamepungukiwa kwa kiwango kilekile. Jambo tunalotaka kulichunguza, yaani nani anakula nini, limekwisha kuamuliwa kabla utafiti haujaanza. Namba inayotoka mwishoni inaonekana kama kipimo cha mtu, kumbe ni kipimo cha kaya kilichogawanywa kwa dhana ya haki.

Madhara ya dhana hiyo ni makubwa zaidi tukitoka kwenye shibe na kuingia kwenye virutubishi. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji madini ya chuma zaidi ya mara mbili ya mwanamume, ilhali nishati anayohitaji ni ndogo kuliko ya mwanamume. Kanuni ya uzani inafuata nishati, hivyo inamhesabia mama asilimia 80 ya madini ya chuma anayopata baba. Hata huko ni kumkadiria kwa ukarimu, kwa sababu inachukulia kwamba kitoweo kinagawanywa kama ugali. Kila anayejua meza zetu anajua kwamba ugali unaweza kumtosha kila mtu huku vinofu vya nyama, maini au samaki vikifuata heshima na umri: mkubwa na mgeni kwanza, watoto mchuzi. Dodoso linaloandika nusu kilo ya nyama kwa wiki haliwezi kutuambia kama mjamzito alionja hata finyango moja.

Tena, hata kiasi cha kaya chenyewe hakina uhakika tunaouhisi. Mwaka 2007 na 2008, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao walifanya jaribio katika wilaya saba za Tanzania. Kaya zaidi ya 4,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manane, kila kundi likaulizwa kwa mtindo wake: kwa kukumbuka au kwa shajara, kwa orodha ndefu ya vyakula au fupi, kwa kaya nzima au kwa kila mtu. Kiwango cha njaa kilichopatikana kilianzia asilimia 19 hadi asilimia 68, kikitegemea mtindo wa kuuliza tu. Sababu mojawapo inaeleweka: msemaji wa kaya hajui chapati aliyokula kijana kijiweni, mlo wa baba kwa mama lishe, wala mihogo ya kukaanga ambayo mtoto alinunua akitoka shule. Kadiri watu wanavyokula nje ya nyumba, ndivyo chungu cha nyumbani kinavyopoteza sifa ya kuwa shahidi.

Ushahidi mwingine unatoka kwa Caitlin Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle, waliochambua takwimu za nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara. Waliona kwamba takribani robo tatu ya wanawake wenye uzito pungufu na watoto wenye utapiamlo hawamo katika asilimia 20 ya kaya maskini kuliko zote. Kwa maneno mengine, mpango wa msaada unaochagua kaya kwa umaskini wake, hata ukitekelezwa bila dosari, unawaacha nje wengi wa walengwa wa lishe.

Wapo watakaosema kwamba kanuni ya uzani, kwa wastani wa watu wengi, haikosei sana. Kwa upande wa nishati hoja hiyo ina nguvu, kwani njaa hujisemea yenyewe, na aliye na njaa hutafuta chakula. Lakini mwili haudai vitamini A au madini ya chuma kwa namna hiyo. Mtu anaweza kushiba kila siku na damu yake ikapungua kimyakimya. Isitoshe, wastani unaolingana hautuambii nani yuko chini yake, na lishe ni suala la walio chini.

Hoja ya gharama ni nzito zaidi. Kumuuliza mtu mmoja mmoja alichokula saa 24 zilizopita, kwa vikombe na mizani, kwa siku mbili zisizofuatana, kunataka wadadisi waliofunzwa, fedha na muda. Pwani, ambako familia nyingi hula kwenye sinia moja, kukadiria fungu la mtoto ni kazi hasa. Nakubali yote hayo. Hata hivyo, hakuna anayedai kila kaya ipimwe hivyo. Sehemu ndogo ya sampuli inatosha kuonesha mgawanyo halisi, na kwa sampuli iliyobaki yapo maswali mepesi ya ndiyo au hapana kuhusu makundi kumi ya vyakula, ambapo mwanamke aliyekula angalau makundi matano jana huhesabiwa kuwa na mlo mchanganyiko. Tafiti za afya tayari huwauliza akina mama watoto wao wadogo walikula nini jana. Si jambo geni kwa wadadisi wetu.

Sisemi takwimu za kaya zitupwe. Zinafaa sana kwa maswali yanayohusu kaya na soko: bei, umaskini wa kipato, au nani ananunua unga wa viwandani na nani anasaga mahindi yake kwenye mashine ya kijijini, jambo la lazima kulijua kabla ya kutegemea unga ulioongezwa virutubishi. Kosa ni kuzilazimisha zijibu swali ambalo hazikuuliza.

Kwa hiyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu na wizara zinazohusika na lishe zikae pamoja, na utafiti ujao wa mapato na matumizi uwe na sehemu inayomuuliza mtu mmoja mmoja, wanawake na watoto wakitangulia. Hadi hapo, kila ripoti inayotoa kiasi cha chakula kwa mtu ieleze waziwazi kwamba kiasi hicho kimetokana na mgawanyo wa hesabu. Anayepanga bajeti ya lishe ya halmashauri ana haki ya kujua kwamba mtoto anayesomwa katika jedwali hilo hakuulizwa wala hakupimwa.