TUSOME PAMOJA: Karatasi ya mbwa inasema nini?



Juma hili tusome karatasi ambayo wengi wetu hatujaifikiria: karatasi ya mbwa. Mama mmoja wa kikundi chetu cha likelemba aliibiwa mara mbili katika parsele yake. Zamu yake ilipofika, alichukua dola 250 akanunua mtoto wa mbwa, aina ya berger allemand. Muuzaji alimwambia, "Huyu ana pedigri, ndiyo maana bei iko juu," akampa kitabu kidogo chenye mihuri. Mama akakiweka vizuri pamoja na karatasi za parsele.

Miezi michache baadaye mbwa akamng'ata mtoto mkononi walipokuwa wakicheza. Kwenye kituo cha afya, muuguzi akauliza kama mbwa amechanjwa. Mama akajibu, "Ndiyo, ana karatasi." Kitabu kikaletwa, na jioni tukaitwa tukisome kwa Kifaransa chake. Hakikuwa pedigri. Kilikuwa kitabu cha chanjo, na kurasa za chanjo zilikuwa tupu. Tena waliandika kwamba mbwa ni dume, na yule wa mama ni jike.

Tusimcheke mama huyu. Wengi wetu tungedanganywa vilevile, kwa sababu tukiona muhuri tunaamini. Basi tujifunze.

Pedigri ni karatasi ya ukoo. Inatolewa na shirika linalotunza kitabu cha kuandikisha mbwa wa aina fulani. Ubelgiji kuna Société Royale Saint-Hubert, iliyoanza mwaka 1882, na Ufaransa kuna kitabu kinachoitwa LOF, tangu 1885. Kwa berger allemand, kitabu kilianzia Ujerumani mwaka 1899, na mbwa wa kwanza kuandikwa aliitwa Horand von Grafrath. Kwa kawaida mtoto wa mbwa anaandikwa tu kama baba na mama yake nao wameandikwa. Muuzaji hawezi kujitengenezea pedigri nyumbani, na daktari wa mifugo hawezi kuitoa.

Mkiletewa pedigri, tazameni mambo haya:

1. Jina la mbwa, aina yake, jinsia, rangi na tarehe ya kuzaliwa. Vyote vilingane na mbwa mnayemwona kwa macho.

2. Nambari ya kuandikishwa na jina la shirika. Bila nambari hiyo, ni karatasi tu.

3. Nambari ya chipu, yaani kidude kidogo kama punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi ya shingo. Ina tarakimu 15. Daktari mwenye mashine ya kuisoma atawaambia kama ni ileile iliyo kwenye karatasi.

4. Majina ya wazazi. Kwa kawaida baba na ukoo wake wako juu, mama na ukoo wake wako chini. Vizazi vitatu vinafanya majina 14: wazazi 2, mababu na nyanya 4, na waliowazaa hao 8. Jina lilelile likirudi mara nyingi upande wa baba na upande wa mama, ndugu wamezalishwa pamoja, na magonjwa ya ukoo yanaweza kujitokeza.

Lakini pedigri haisemi yote. Inasema mbwa katoka kwa nani. Haisemi kwamba ana afya, wala kwamba ana tabia nzuri na watoto, wala kwamba amechanjwa. Ni kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto: kinatuambia wazazi wake, hakituambii kama amepata chanjo ya surua wala kama anajua kusoma.

Na mbwa asiye na karatasi si takataka. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kuna mbwa wa Kongo, mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, habweki kama wengine. Wawindaji wa msituni humvalisha kengele ya mbao shingoni ili wamsikie. Wazungu walimpeleka Uingereza katika miaka ya 1930, wakamwita Basenji na kumfungulia kitabu. Lakini walioanza nao walikuwa wachache, na ugonjwa wa figo wa kurithi ukaenea katika ukoo wao. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani wakarudi huku, nchi ikiitwa bado Zaire, kutafuta mbwa wapya vijijini. Mwaka 1990 shirika la Marekani likafungua kitabu chake na kuwaandika mbwa waliotoka huku. Wenye karatasi ndefu walikuja kutafuta damu mpya kwa mbwa wasio na karatasi hata moja.

Kwa hiyo mama anayetaka mbwa wa kulinda parsele hana lazima ya pedigri. Pedigri inamfaa anayetaka kuzalisha na kuuza mbwa wa aina moja. Karatasi ambayo kila nyumba inahitaji ni ile ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ndani yake iwe na tarehe, jina la chanjo, sahihi na muhuri wa daktari, na tarehe ya kurudia. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu hivi, na chanjo hurudiwa kama daktari alivyoandika.

Mbwa aking'ata, hata kama ni wa nyumbani, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku ileile. Msingoje dalili. Zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Mtoto wa mama yule alianza sindano siku ileile. Mbwa alifungwa na kuangaliwa siku 10, akabaki mzima, kisha akachanjwa kweli. Leo kitabu chake kina ukurasa mmoja ulioandikwa, na jinsia imesahihishwa. Dola za muuzaji hazikurudi. Mama ametuomba tuwasimulieni haya ili mwenzake asilipie muhuri.

Mwenye mbwa nyumbani, fungua kitabu chake leo jioni, utazame ukurasa wa chanjo. Usipoelewa Kifaransa chake, kilete kwenye mkutano wetu, tutakisoma pamoja.

Mbaki na amani.